Vipande vidogo vya metali na kauri: hatua za kuvitengeneza kwa injeksheni ya unga

Bawaba ya simu inayokunjwa, vibano vinavyobandikwa kwenye meno ili kuyanyoosha, taya za koleo la upasuaji linalopenya kwenye tundu dogo la tumboni, kasha la saa la kauri lisilokwaruzika: vingi kati ya vitu hivi havikukerezwa wala kusubiwa. Vilianza kama unga laini uliokandwa pamoja na nta na plastiki, vikasukumwa kwenye kalibu kwa shinikizo kubwa, vikatolewa ile nta na plastiki, kisha vikachomwa hadi chembe za unga zikaungana kuwa kitu kimoja kigumu. Hiyo ndiyo injeksheni ya unga. Kauri ilitangulia: huko Marekani vihami vya plagi za injini vilikuwa vikitengenezwa hivi tangu miaka ya 1930. Metali ilifuata miaka ya 1970 California, na mmoja wa waanzilishi wake, Raymond Wiech, alipata hataza ya Marekani mwaka 1980.

Nitapita hatua zote, lakini nitakaa zaidi kwenye kuchanganya na kwenye kutoa gundi, yaani ile nta na plastiki. Nina sababu. Kipande kikitoka tanurini kimepinda au kina ufa, watu hukimbilia kubadili joto la tanuri, ilhali mara nyingi kasoro ilizaliwa siku kadhaa kabla, kwenye sufuria ya kukandia au kwenye kalibu. Tanuri huionyesha tu. Ukilielewa hilo mapema utaokoa unga, muda na fedha nyingi.

Hatua ya 1: Hakikisha njia hii inakufaa

Kalibu ni ghali na tanuri ni ghali zaidi. Kama kipande chako kinaweza kupigwa kutoka kwenye bati, au kukerezwa kutoka kwenye fimbo ya chuma kwa dakika moja, kitengeneze hivyo na uachane na unga. Injeksheni ya unga hulipa pale mambo matatu yanapokutana: kipande ni kidogo, umbo lake ni gumu, na unahitaji maelfu. Vipande vingi vya njia hii havifikii gramu 100, na vile vidogo kabisa vina uzito wa miligramu chache tu. Jambo la nne hutia nguvu hoja: nyenzo yenyewe ikiwa haikatiki kirahisi, kama zirkonia (kauri ngumu), titani au kabidi ya tangsteni, hesabu hugeuka haraka upande wa unga.

Angalia pia unene. Kuta za nusu milimita hadi milimita tatu hazisumbui. Ukipita milimita kumi, muda wa kutoa gundi unarefuka kiasi kwamba faida yote inaweza kuishia hapo.

Hatua ya 2: Chora kipande kitakachovumilia kusinyaa

Kipande kitapungua urefu kwa takriban asilimia 15 hadi 20, pande zote. Kinachopungua sawasawa hubaki na umbo lake. Kinachopungua kwa kupishana hupinda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchoraji ni kusawazisha unene. Sehemu nene itoboe kwa pini za kalibu ili ibaki na kuta badala ya donge. Pembe za ndani zipe mviringo, hata wa robo ya milimita, maana pembe kali ndipo ufa hupenda kuanzia. Kuta zilizo sambamba na njia ya kutokea zipe mteremko wa nusu digrii hivi ili kipande kitoke bila kung'ang'ania.

Kisha fikiria tanuri kabla hujafika huko. Kipande kitakalia upande gani? Kikiwa na uso mmoja bapa, kitakaa juu ya kigae na kuteleza kidogo kadiri kinavyosinyaa. Kikiwa na mkono unaoning'inia, mkono huo utalegea na kushuka kwa uzito wake, kwa sababu kwenye joto la kuchomea metali haina nguvu iliyonayo ikiwa baridi. Dawa ni kuuwekea egemeo la kauri. Iliyo bora zaidi, kama idadi inaruhusu, ni kutengeneza egemeo kwa mchanganyiko uleule wa kipande: viwili vitasinyaa pamoja, na egemeo halitabaki juu huku kipande kikishuka. Unyunyize unga laini wa alumina, ambayo ni kauri ya oksidi ya alumini, katikati yao visije vikashikana.

Hatua ya 3: Chagua unga

Kwa kazi ya kawaida ya chuma cha pua, unga ambao asilimia 90 ya chembe zake ziko chini ya mikroni 22 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha. Unga wa chuma cha kaboniri, yaani chuma kinachopatikana kwa kuvunja mvuke wa chuma na kaboni monoksidi, una chembe za mikroni 3 hadi 5. Kauri ni laini zaidi: chembe za alumina na zirkonia kwa kawaida haziifikii mikroni moja. Kwa vipande vidogo sana shika kanuni hii: sehemu nyembamba kuliko zote katika mchoro iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa chembe. Ukitaka jino la gia lenye upana wa mikroni 50, unga wa mikroni 22 haukufai hata kidogo. Tafuta ulio chini ya mikroni 5.

Umbo la chembe nalo lina maana. Unga uliopatikana kwa kuipuliza metali iliyoyeyuka kwa gesi una chembe za mviringo. Hujipanga vizuri, hutiririka, na unaweza kuushindilia kwa wingi. Uliopulizwa kwa maji una chembe zenye mikunjo na kona. Ni wa bei nafuu, hutiririka kwa shida, ila chembe zake hukamatana, hivyo kipande hushikilia umbo vizuri zaidi gundi inapotoka. Wengine huchanganya aina hizi mbili, na mimi naona ni uamuzi wa busara kwa vipande vyenye mikono mirefu.

Unga laini si kitu cha kuchezea. Vaa kinga ya pua na mdomo inayochuja vumbi la mikroni, si kitambaa. Unga wenye nikeli una hatari ya saratani ukivutwa kwa muda mrefu. Unga wa titani hushika moto kwa cheche ndogo tu ya umeme tuli, kwa hiyo vyombo vyote viunganishwe na ardhi, na usitumie maji kuuzima ukiwaka.

Hatua ya 4: Chagua gundi

Gundi hapa si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: kimoja cha kutiririsha na kutoka mapema, kimoja cha kubaki na kushikilia chembe hadi tanurini, na kidogo cha kuifanya plastiki iikubali chembe. Kuna familia tatu unazoweza kuchagua.

Ya nta ndiyo nyepesi kuanza nayo: nta ya parafini asilimia 65 kwa uzito, polipropilini 30, asidi ya steariki 5. Nta hutolewa kwa kimiminika kama heptani. Ya pili hutumia polietilini glikoli, ambayo huyeyuka kwenye maji, ikisaidiwa na plastiki isiyoyeyuka humo. Ni salama zaidi kwa afya ila vipande huchukua muda mrefu kukauka. Ya tatu ni ya poliasetali, iliyoletwa na kampuni ya BASF kwa jina la Catamold. Hiyo hutolewa kwa mvuke wa asidi ya nitriki, ni ya haraka kuliko zote, na vipande vibichi vyake, yaani vilivyotoka kwenye kalibu vikiwa bado na gundi, ni imara. Lakini inadai tanuri maalumu na mfumo wa kuchoma formaldehaidi, gesi ya sumu inayotoka. Kama karakana yako haina mfumo huo, usiiguse.

Hatua ya 5: Changanya

Hapa ndipo penye kazi.

Namba inayotawala kila kitu kitakachofuata ni sehemu ya unga kwa ujazo. Kwa metali huwa kati ya asilimia 55 na 65. Kwa kauri laini huanzia 45 hivi na mara chache hupita 60. Ikiwa ndogo mno, chembe huelea, kipande husinyaa kupita kiasi na huporomoka gundi inapotoka. Ikiwa kubwa mno, gundi haitoshi kujaza nafasi kati ya chembe. Mchanganyiko unakuwa mgumu, unabaki na matundu ya hewa, na kalibu haijai.

Watu hujichanganya kati ya ujazo na uzito, kwa hiyo tufanye hesabu. Chukua chuma cha pua 316L chenye msongamano wa gramu 7.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na gundi ya 0.95. Unataka unga asilimia 60 kwa ujazo. Unga: 0.60 × 7.9 = 4.74. Gundi: 0.40 × 0.95 = 0.38. Jumla ni 5.12. Kwa hiyo katika kilo moja ya mchanganyiko utapima gramu 926 za unga na gramu 74 tu za gundi. Gundi ni asilimia 40 ya nafasi lakini haifiki asilimia 8 ya uzito. Ndiyo maana kosa la gramu 5 kwenye gundi ni kosa kubwa, na ndiyo maana mizani nzuri ina thamani kuliko mashine nzuri.

Kiasi cha juu kabisa cha unga unakitafuta kwa majaribio. Tumia mashine ya kukandia inayoonyesha nguvu ya kuzungusha. Anza na asilimia 50, acha itulie, ongeza unga asilimia mbili, acha itulie tena, endelea hivyo. Nguvu itapanda pole pole, halafu kwenye kiwango fulani itaruka na kuanza kuyumbayumba bila kutulia. Hapo gundi haitoshi tena. Rudi nyuma asilimia mbili hadi tano kutoka hapo. Hicho ndicho kiwango chako cha kazi. Usikinakili kutoka kwa mtu mwingine hata kama anatumia unga wa jina lilelile, kwa sababu ukubwa na umbo la chembe hubadilika kutoka pipa hadi pipa.

Mpangilio wa kukanda ni huu. Kausha unga kwanza, hasa wa kauri, ambao hunyonya unyevu wa hewa. Pasha mashine ya vipanga viwili hadi nyuzi 160 au 170 za Selsiasi, yeyusha polipropilini, ongeza nta na asidi ya steariki, ndipo umwage unga kwa mafungu manne au matano. Kila fungu likiingia nguvu itapanda kisha itashuka na kutulia. Usimwage linalofuata kabla hilo halijatulia. Baada ya fungu la mwisho endelea hadi mstari wa nguvu ubaki bapa, kisha simama. Kukanda kupita hapo hakuongezi usawa. Nta inaanza kutoka kama moshi, na namba uliyoipima kwa uangalifu inabadilika bila wewe kujua. Kwa kauri laini, vipanga peke yake huwa havitoshi kuvunja madonge. Pitisha mchanganyiko kwenye mashine ya skrubu mbili.

Usiende mbele bila kupima. Chukua sampuli tatu kutoka sehemu tofauti za sufuria, upime msongamano wa kila moja. Zikipishana, rudisha kwenye moto. Kisha vunja kipande kilichopoa na ukitazame kwa hadubini: rangi iwe moja kote. Ukiona vidoa vinavyong'aa vya nta, au madonge makavu ya unga yasiyo na gundi, jua kwamba kila kidoa hapo kitakuwa tundu au ufa baada ya kuchoma. Ukiridhika, saga upate punje za milimita tatu hivi zinazoweza kulishwa kwenye mashine.

Hatua ya 6: Sasa ndipo ukate kalibu

Wengi hukata kalibu mapema ili kuokoa muda. Mimi nashauri usubiri hadi sehemu ya unga imethibitishwa, kwa sababu ndiyo inayoamua kalibu iwe kubwa kiasi gani. Gawanya msongamano utakaoufikia baada ya kuchoma kwa sehemu ya unga, tafuta mzizi wa tatu wa jibu, uzidishe na kipimo unachotaka mwishoni.

Kwa mfano wetu: unga 0.60, msongamano wa mwisho 0.97 ya ule kamili. Mzizi wa tatu wa 0.97 ÷ 0.60 ni 1.174. Kipande cha milimita 5 kinahitaji kalibu ya milimita 5.87. Kwa zirkonia yenye unga 0.50 na msongamano 0.99, namba ni 1.256, yaani kalibu ya milimita 6.28 kwa kipande kilekile. Sasa tazama kinachotokea unga ukiteleza kutoka 0.60 hadi 0.61 tu: kalibu ileile ya 5.87 itakupa kipande cha milimita 5.028. Mikroni 28 zimezaliwa kwenye mizani. Tofauti ambayo njia hii huweza kuishika bila kazi ya ziada ni asilimia 0.3 hadi 0.5 ya kipimo, ambayo kwa milimita 5 ni mikroni 15 hadi 25. Kosa la asilimia moja ya unga limeshaimaliza yote.

Kalibu iwe ya chuma kilichotiwa ugumu, kwa kuwa mchanganyiko huu husugua kama msasa, na wa kauri husugua zaidi. Weka mlango wa kuingilia kwenye sehemu nene ili shinikizo lifike kabla mlango haujaganda. Pini za kutolea ziwe nyingi na zenye uso mpana. Kipande kibichi hakina nguvu ya plastiki ya kawaida, na pini moja nyembamba itakitoboa. Kwa maumbo ya mikroni, viini vya kalibu hukatwa kwa cheche za umeme, au hukuzwa kwa nikeli kupitia njia iitwayo LIGA iliyobuniwa Karlsruhe, Ujerumani. Vijitundu vidogo hivyo havina pa kutolea hewa, kwa hiyo kalibu hunyonywa hewa yote kabla ya kujazwa.

Hatua ya 7: Jaza kalibu

Mashine ni ile ya plastiki, yenye skrubu na pipa vilivyofanywa vigumu zaidi. Kwa gundi ya nta anza na pipa la nyuzi 150 hadi 180, kalibu ya nyuzi 30 hadi 60, na shinikizo la megapaskali 50 hadi 150. Poliasetali hudai kalibu ya nyuzi 120 na zaidi. Kumbuka kwamba unga wa metali hupitisha joto upesi, hivyo mchanganyiko huganda haraka kuliko plastiki tupu. Ukijaza pole pole, utaganda njiani. Ukijaza kwa kasi mno, utaruka kama uzi na kujikunja ndani, na mikunjo hiyo itabaki kuwa mistari ya udhaifu. Kasi kubwa pia huitenga gundi na unga: gundi hukimbia mbele, unga hubaki nyuma, na utaona mistari meusi karibu na mlango. Hiyo ni ishara mbaya kuliko kipande kisichojaa, kwa sababu kisichojaa utakitupa, hicho kingine utakichoma.

Kwenye kuta za chini ya mikroni 100 kalibu ya baridi haijai hata ufanye nini. Kalibu hupashwa hadi karibu na joto la kuyeyuka, hujazwa, kisha hupozwa, yote ndani ya mzunguko mmoja. Inaongeza muda, lakini sijaona njia ya mkato. Kwa vipande vya miligramu, skrubu kubwa haiwezi kupima kiasi kidogo hivyo. Tumia mashine yenye pistoni ndogo ya kusukumia iliyotenganishwa na skrubu ya kuyeyushia.

Pima uzito wa vipande vibichi kwa mizani inayosoma miligramu, au sehemu ya miligramu vikiwa vidogo sana. Uzito ukishuka, kuna tundu ndani hata kama nje kunang'aa. Kipande kibichi kibaya husagwa na kurudi kwenye mashine pamoja na mabaki ya mifereji. Kilichokwisha kuchomwa hakirudi. Kwa hiyo kataa hapa, tena kataa bila huruma.

Hatua ya 8: Toa gundi

Nusu ya kwanza huondolewa bila kuyeyusha kipande. Vitumbukize vipande vya nta kwenye heptani yenye nyuzi 40 hadi 60. Nta huyeyuka kuanzia nje kuelekea ndani na kuacha vijia vya hewa vinavyounganika. Vijia hivyo ndivyo vitakavyopitisha gesi baadaye, na bila hivyo kipande hupasuka. Muda hukua kwa mraba wa unene: ukuta wa milimita 1 ukihitaji saa mbili, wa milimita 2 utahitaji takriban nane, wa milimita 4 zaidi ya siku nzima. Usiongeze joto la kimiminika ili kuharakisha. Plastiki iliyobaki hunyonya heptani, huvimba, na nyufa hutokea ndani usizoweza kuziona.

Ili kujua kama nta imetoka, kausha kipande na ukipime. Kwa mchanganyiko wetu gundi yote ni asilimia 7.4 ya uzito, na nta ni asilimia 65 ya hiyo, yaani 4.8. Kipande cha gramu 2.000 kinapaswa kubaki na gramu 1.904. Kikiwa na 1.920, bado, kirudishe. Mizani tena.

Heptani huwaka kirahisi na mvuke wake hukaa chini sakafuni. Fanyia kazi hiyo penye kuvuta hewa, mbali na tanuri na swichi zozote zinazotoa cheche.

Nusu ya pili, ile plastiki ya kushikilia, hutoka kwa joto. Panda digrii moja kwa dakika au chini ya hapo hadi nyuzi 500 au 600, ukituama pale plastiki inapoanza kuvunjika kuwa gesi, huku gesi safi ikipita kuubeba mvuke. Kauri zenye chembe ndogo mno zina vijia vyembamba sana, na hapo kupanda kunaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Mapovu na maganda juu ya kipande maana yake ulikimbia. Kipande kinachotoka hapa kinashikiliwa na msuguano wa chembe peke yake, na ukikibana kwa vidole kinabaki vumbi mkononi. Afadhali hatua hii ifanyike ndani ya tanuri lilelile la kuchomea ili kisiguswe kabisa.

Hatua ya 9: Choma

Metali zinahitaji gesi ya kuzikinga. 316L huchomwa kwenye nyuzi 1,350 hadi 1,390 ndani ya haidrojeni au ombwe, ikishikiliwa kileleni kwa saa mbili hivi. Titani huenda kwenye ombwe zuri, nyuzi 1,250 hadi 1,350, juu ya vigae vya zirkonia au itria (oksidi ya itriamu), kwa sababu hunyang'anya oksijeni kutoka kwenye kila kitu kinachoigusa. Ukitumia ombwe kwa chuma cha pua, ingiza gesi ya agoni kidogo kileleni. Bila hiyo kromi hutoka kama mvuke kwenye uso wa kipande na uimara wake dhidi ya kutu unapungua. Kabla ya kufungulia haidrojeni, safisha tanuri lote kwa naitrojeni au agoni, na mwishoni fanya vivyo hivyo. Haidrojeni ikikutana na hewa ndani ya tanuri la moto, hulipuka.

Kaboni ndiyo adui wa kimya wa hatua hii. 316L inaruhusiwa kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Plastiki isiyotoka vizuri huacha kaboni ndani, na kutu huanza miezi baadaye kwa mtumiaji. Tuma sampuli ya kila mchomo ikapimwe kaboni, na kwa titani oksijeni pia.

Kauri za oksidi huchomwa kwenye hewa ya kawaida: alumina nyuzi 1,550 hadi 1,650, zirkonia yenye itria nyuzi 1,400 hadi 1,500. Usidhani joto zaidi ni ugumu zaidi. Zirkonia ikizidishiwa joto, chembe zake hukua, na zikishakuwa kubwa hubadili muundo wakati wa kupoa na kujipasua zenyewe. Poza pole pole pia, hasa vipande vyenye unene unaopishana.

Hatua ya 10: Pima na umalizie

Pima msongamano kwa kukitumbukiza kipande majini na kulinganisha uzito wake humo na wa hewani. 316L nzuri hufikia asilimia 96 au zaidi ya 7.9, zirkonia ikaribie 6.05, alumina 3.98. Kipande cha upasuaji au cha injini kisichovumilia hata kitundu kimoja hupelekwa kwenye chombo cha agoni ya moto yenye shinikizo la karibu megapaskali 100, ambayo hufunga matundu ya ndani. Matundu yaliyofunguka nje hayafungiki kwa njia hiyo. Chuma cha pua cha aina ya 17-4PH hutiwa ugumu kwa kukishikilia kwenye nyuzi 480 hivi kwa saa moja.

Metali iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa kwa kukandamizwa kwenye kalibu ya pili ikiwa baridi. Kauri haikubali hilo. Ni almasi tu inayoisaga, na kazi hiyo inaweza kugharimu kuliko hatua zote zilizotangulia, kwa hiyo acha kusagwa uso mmoja au miwili tu inayokutana na kipande kingine. Unapohifadhi vipande vya kila mchomo, hifadhi pamoja navyo namba ya pipa la unga, uzito wa gundi na uzito wa vipande vibichi, ili kipande kitakachorudi na kasoro uweze kukifuatilia hadi kwenye sufuria kilikotoka.